Maji Yamekwenda Wapi? Kufundisha Uchunguzi kwa Ndoo na Rula

Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha wanachuo, hasa wale wanaojiandaa kufundisha Sayansi na Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, namna tatizo la kawaida la shule linavyoweza kuwa somo kamili la uchunguzi. Tatizo lenyewe ni tangi la maji linalopungua bila sababu kuonekana. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, linahitaji vifaa vinavyopatikana katika shule yoyote: ndoo, rula, chaki na daftari. Pili, katika shule niliyokuwa nikifundisha, jibu la swali hilo lilibeba riziki ya mtu. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawakuweza kulichukua kama mchezo.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa Darasa la Sita katika shule moja ya kijijini wilayani Mufindi. Shule ilikuwa na tangi la zege lililo wazi juu, ambalo zaidi ya nusu ya kimo chake ilikuwa imefukiwa ardhini. Urefu wake ulikuwa mita 6, upana mita 4, na kina mita 1 na sentimita 80. Maji ya mvua yaliingia humo kutoka kwenye mabati ya vyumba viwili vya madarasa. Hayakuwa maji ya kunywa. Yalitumika kumwagilia bustani ya mboga na kitalu cha miche, na kusafishia madarasa. Nyanda hizo hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo huja kipupwe, miezi ya Juni, Julai na Agosti, yenye baridi kali usiku na upepo mkavu mchana. Tangi likiisha maji kabla ya mvua kurudi, mboga za chakula cha mchana hukauka, na miche iliyooteshwa kwa taabu hufa.

Mwezi Juni mwaka huo maji yalianza kushuka upesi kuliko ilivyotazamiwa. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya shule walitoa hoja fupi: mvua hakuna, jua ni hafifu, bustani ni ile ile, basi maji yatakwenda wapi isipokuwa yanachotwa? Kipupwe ndio msimu wa kufyatua matofali, na kazi hiyo huhitaji maji mengi. Chini ya mteremko palikuwa na vijana waliokuwa wakifyatua matofali ya kuuza. Mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyekaribia miaka 60, alikuwa ameonekana jioni moja akiteremka njia hiyo na ndoo mkononi. Vipande hivi viwili viliunganishwa, na habari ikaenea kijijini kwamba mlinzi anauza maji ya shule. Ilipangwa kwamba kikao cha mwishoni mwa Julai kiamue kama aendelee na kazi au aondolewe.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikaomba ruhusa ya kulitumia tangi hilo kwa masomo ya Sayansi na Hisabati kwa muda wa wiki tatu. Sikuomba nafasi ya kumtetea mlinzi, wala ya kumshtaki. Niliomba nafasi ya kupima maji. Naomba wanachuo mwitilie maanani tofauti hiyo, kwa sababu mwalimu anayeanza uchunguzi akiwa tayari na jibu mfukoni huwafundisha wanafunzi wake kutafuta ushahidi wa jibu hilo tu, na kuufumbia macho ushahidi mwingine wote.

Katika kipindi cha kwanza niliuliza swali moja: Maji yanaweza kutoka ndani ya tangi letu kwa njia ngapi? Wanafunzi walitaja kuchotwa, kuvuja ukutani au sakafuni, kupotea katika bomba linalokwenda bustanini, kugeuka mvuke, na kunywewa na ndege. Kisha msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, baba amesema ni mlinzi." Darasa lilinyamaza kimya. Hapa ndipo mwalimu anapojaribiwa. Akimkemea mtoto, darasa zima litajifunza kwamba kuna mambo yanayofikiriwa ambayo hayaruhusiwi kupimwa. Akimkubalia, uchunguzi utakuwa umekwisha kabla haujaanza. Niliandika ubaoni, kwa herufi za ukubwa ule ule kama dhana nyingine: "Maji yanachotwa na mtu." Sikuandika ni nani, kwa kuwa rula haiwezi kupima jina la mtu.

Swali la pili ndilo lililokuwa kiini cha somo: Kama dhana hii ni ya kweli, tutaona nini? Na kama si ya kweli, tutaona nini? Dhana isiyoweza kutuambia tutakachokiona haina kazi katika chumba cha Sayansi, hata kama wengi wanaiamini. Tulichukua kila dhana na kuidai jibu. Ikiwa maji yanageuka mvuke tu, basi maji yaliyo ndani ya chombo kisichovuja, kikiwekwa mahali pale pale, yatashuka kwa kipimo kile kile. Ikiwa kosa liko kwenye bomba la bustanini, basi kulifunga bomba hilo pale linapotoka tangini kutapunguza upotevu. Ikiwa mtu anachota usiku, basi maji yatashuka usiku kuliko mchana. Ikiwa tangi linavuja, basi litavuja usiku na mchana bila kupumzika, na litaacha kuvuja maji yakishafika chini ya tundu. Sentensi hii ya mwisho ilitolewa na mvulana aliyekuwa mzito wa hesabu, lakini ambaye nyumbani kwao walikuwa na pipa lililotoboka ubavuni.

Jaribio lenyewe huanza na ndoo. Tulichukua ndoo ya plastiki ya lita 20, tukaijaza maji ya tangi lile lile, tukatia jiwe ndani yake ili isielee. Tukaiweka juu ya matofali yaliyopangwa kwenye kidato cha ngazi ndani ya tangi, hata maji ya ndani ya ndoo yakawa karibu usawa mmoja na maji ya nje. Tukatia alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo, na alama nyingine kwenye ukuta wa tangi. Kwa nini ndoo ikae ndani ya maji na si kando ya tangi? Kwa sababu maji ya ndoo iliyoachwa juani hupata joto upesi, na usiku hupoa upesi. Maji ya ndoo iliyozungukwa na maji ya tangi hukaribiana nayo kwa joto, hupigwa na upepo ule ule, na hukauka kwa kadiri ile ile. Hata yakinyesha manyunyu, ndoo na tangi hupokea kimo kile kile cha mvua, ilimradi mifereji ya mabati iwe imeondolewa kwenye tangi. Kwa hiyo jua, upepo na manyunyu huwa sawa kwa vyote viwili, na tofauti inayobaki ni moja tu: tangi laweza kuvuja au kuchotwa, na ndoo haivuji wala haichotwi.

Njia hii hutumiwa sana na mafundi wa mabwawa ya kuogelea. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kama vile Texas na Arizona, nyumba nyingi zina mabwawa uani, nayo hubaki na maji hata majira ya baridi. Mwenye nyumba akiona maji yameshuka mwezi Januari husema kama walivyosema wajumbe wetu: jua ni hafifu, basi maji hayawezi kuwa yamekauka. Lakini maji hayangoji jua kali ili yageuke mvuke. Yakiwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo ikiwa kavu na yenye upepo, hupungua hata usiku. Bwawa linalopashwa moto huonekana likifuka asubuhi ya baridi kama sufuria iliyofunuliwa. Ndiyo maana fundi huanza kwa ndoo kabla ya kuvunja sakafu. Hupima kwa saa 24 pampu ikifanya kazi, kisha saa 24 ikiwa imezimwa. Maji yakipungua zaidi pampu ikizunguka, shaka huelekea kwenye mabomba yanayosukumiwa maji. Bwawa likiwa limefunikwa kwa turubai, mvukizo hupungua sana. Hivyo likiendelea kushuka kwa kasi, shaka ya kuvuja huongezeka. Na baridi yenyewe yaweza kuleta madhara: maji yakiganda hupanuka na kupasua bomba. Februari 2021, baridi kali ilipolikumba jimbo la Texas na umeme kukatika, pampu zilisimama na mabomba mengi ya mabwawa yakapasuka. Mufindi hakuna mabwawa ya namna hiyo uani kwa watu, lakini swali ni moja na ndoo ni ile ile.

Turudi kwenye tangi letu. Kwa muda wa jaribio tulikubaliana na mwalimu wa bustani kwamba maji ya kumwagilia yatachotwa mtoni, ili pasiwe na matumizi yoyote ya tangi. Tulipima mara mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kwa wanafunzi waliokaa karibu na shule, na kwa idhini ya wazazi wao. Sikuruhusu mtu mmoja asome kipimo peke yake. Wasomaji walikuwa wawili, kila mmoja akaandika namba yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha zikalinganishwa. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja walirudia. Nilihakikisha pia kwamba wasomaji wa siku moja hawatoki nyumba moja. Mlinzi hakushika rula hata mara moja, na hilo lilikuwa kwa faida yake mwenyewe.

Mwanzoni maji yalikuwa na kina cha sentimita 98 na milimita 6. Katika siku 6 za kwanza tangi lilishuka milimita 15, 15, 14, 14, 13 na 13. Jumla ni milimita 84, na wastani ni milimita 14 kwa siku. Ndoo ilishuka kwa wastani wa milimita 4. Hisabati ikaingia hapo bila kubisha hodi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Uso wa tangi letu una mita za mraba 24. Kwa hiyo kila milimita ni lita 24. Mvukizo peke yake ulikuwa ukichukua lita 96 kwa siku, yaani karibu ndoo 5 zilizojaa. Wanafunzi walishangaa, maana hawakudhani kwamba baridi inakunywa kiasi hicho. Lakini milimita 10 zilizobaki, yaani lita 240 au ndoo 12 kila siku, hazikuelezwa na mvuke. Kulikuwa na upotevu wa kweli. Wajumbe wa kamati walikuwa wamesema kweli kwamba maji yanakwenda mahali. Kilichobaki ni kujua wapi.

Dhana ya bomba tuliijaribu ndani ya siku hizo hizo. Siku 3 za kwanza koki ya kutolea maji iliachwa wazi, huku bomba likiwa limefungwa mwisho wake bustanini. Siku 3 zilizofuata koki ilifungwa. Wanafunzi kadhaa walifurahi kuona namba zimepungua kutoka 15 hadi 13, wakatangaza kwamba kosa liko kwenye bomba. Sikuwajibu. Niliwauliza, "Tukiifungua tena koki, namba zitafanya nini?" Wakajibu kwamba zitapanda. Siku ya 7 tuliifungua, na tangi likashuka milimita 12, pungufu ya siku zote zilizotangulia. Bomba likawa limeondolewa katika orodha. Zaidi ya hayo, wanafunzi waliona kwa macho yao kwamba mambo mawili yanaweza kutokea pamoja bila moja kuwa sababu ya jingine. Maelezo ya ubaoni peke yake yasingewafikisha hapo.

Ndipo tukaliangalia swali la usiku na mchana. Kwa wastani wa siku zile 6, mchana tangi lilishuka milimita 8 na ndoo milimita 3. Usiku tangi lilishuka milimita 6 na ndoo milimita 1. Wanafunzi wakatoa: 8 kasoro 3 ni 5; 6 kasoro 1 ni 5. Upotevu usioelezwa na mvuke ulikuwa sawasawa, usiku na mchana. Yule msichana aliyesema maneno ya baba yake aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mchana sisi wote tuko hapa." Sikuongeza neno. Wanachuo watagundua kwamba kuna nyakati ambapo neno la mwalimu, hata likiwa sahihi, humnyang'anya mtoto ushindi wake.

Baada ya hapo kazi yetu ilikuwa kusubiri, na kusubiri ni sehemu ngumu ya uchunguzi kwa watoto na kwa watu wazima. Siku ya 8 tangi lilishuka milimita 11. Kisha 10, 9, 8, 7 na 5. Siku ya 14 lilishuka milimita 4, sawa na ndoo. Siku ya 15, milimita 4. Siku ya 16, milimita 4. Kila siku chache tulikuwa tukiondoa tofali moja chini ya ndoo ili iende sambamba na maji yaliyokuwa yakishuka. Kisha wanafunzi walichora grafu ya siku zote 16: mstari wa ndoo ulikwenda karibu tambarare, na mstari wa tangi ukateremka na kuukaribia mpaka ikaungana. Ilipoungana, maji yalikuwa na kina cha sentimita 84 wakati upotevu ulipokoma. Sababu ya kupungua polepole ni kwamba maji yaliyo juu ya tundu ndiyo yanayoyasukuma yatoke. Kimo chake kikipungua, msukumo nao hupungua. Maji yakifika usawa wa tundu, msukumo hukoma.

Tulipima sentimita 84 kutoka sakafuni na kuufuata ukuta. Hapo ndipo ukuta wa zamani ulipoishia. Wazee wa kijiji walitueleza kwamba tangi lilijengwa fupi, na baadaye likaongezwa kimo. Udongo nao ukarundikwa kulizunguka. Kiungo cha ukuta wa zamani na ule mpya kilikuwa chini ya usawa wa ardhi ya nje, kwa hiyo hapakuwa na michirizi ya maji ya kuonekana. Lakini wanafunzi waliotumwa kuzunguka nje walirudi na habari: katika mteremko wote uliokauka, kulikuwa na kipande kimoja tu cha majani mabichi, na mgomba mmoja uliokuwa ukinawiri kana kwamba mvua haijakatika. Kilikuwa upande wa kusini wa tangi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la wino. Ufa hauwezi kuonekana ukifyonza maji ikiwa maji yako chini yake. Hivyo ilitubidi kuyapandisha. Wanafunzi 48 walibeba kutoka mtoni lita 10 kila mmoja. Kabla ya kumimina niliwataka wakadirie maji yatapanda kiasi gani. Lita 480 kugawanya kwa 24 ni milimita 20, na rula ikathibitisha hivyo. Maji yalipotulia, tulidondosha wino wa buluu kwa mrija, tone moja moja, karibu na kiungo kile. Mahali pengi wino ulielea na kutawanyika. Kwenye kona ya kusini ulijinyoosha kama uzi, ukaingia ukutani. Darasa zima lilipiga kelele, na sikuwanyamazisha.

Kikao cha kamati kilipofika, mwalimu mkuu aliwaruhusu wanafunzi wanne wasome taarifa yao. Waliisoma kwa utaratibu: swali, dhana, vifaa, vipimo, hitimisho. Mwenyekiti aliwauliza swali zuri, ambalo kila mwalimu wa Sayansi angependa kuulizwa: "Na je, kama mwizi aliacha kuiba mlipoanza kupima?" Mvulana wa lile pipa lililotoboka akajibu, "Shikamoo, Mzee Mwenyekiti. Siku za kwanza tulipokuwa tunapima, maji yaliendelea kupotea, ndoo 12 kila siku, mchana sawa na usiku. Halafu yakapungua kidogo kidogo, mpaka yakakoma kwenye kiungo. Mwizi hawezi kupunguza wizi wake milimita moja moja." Wajumbe walitazamana. Hapakuwa na hotuba. Walitoka wote wakaenda kuitazama ile kona, kisha wakajadili fedha za fundi mwashi. Suala la mlinzi halikutajwa tena katika kikao hicho, na aliendelea na kazi. Ile ndoo aliyoonekana nayo ilikuwa ya pumba, akiwapelekea nguruwe wake. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jioni yake mzee yule alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa najua kwamba sikuiba. Lakini neno langu peke yake lisingetosha." Nimelikumbuka neno hilo kila ninapowasikia watu wakisema kwamba Sayansi ni somo la maabara na la watu wa mjini. Mtu mnyonge ndiye anayehitaji kipimo kuliko mwingine yeyote. Mwenye cheo neno lake huaminika bila rula.

Fundi alikichimbua kiungo, akakijaza upya kwa saruji, na tangi likaachwa likauke. Hata hivyo kazi ya darasa haikuwa imekwisha. Uchunguzi hukamilika pale tiba inapopimwa kwa kipimo kile kile kilichoutambua ugonjwa. Tulibeba maji tena, tukarudisha ndoo, na kwa siku 3 tangi na ndoo vilishuka pamoja. Hapo ndipo nilipowaruhusu wanafunzi waandike neno "limepona". Mvukizo tuliushughulikia kwa kulifunika tangi kwa mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya jirani. Kifuniko hicho kiliwazuia pia watoto wadogo wasitumbukie. Na swali moja lililobaki walilijibu wenyewe: kwa nini ufa haukujulikana wakati wa mvua? Kwa sababu mifereji ilikuwa ikirudisha maji upesi kuliko yalivyopotea. Kipupwe hakikuleta ufa, kilituonyesha tu.

Sasa naomba niwape wanachuo mashauri machache yanayotokana na kazi hii.

Kwanza, usalama hutangulia. Tangi la maji linaweza kumwua mtoto. Vipimo vyote vifanyike mwalimu akiwapo, msomaji akiwa nje ya ukuta au kwenye kidato imara, na mwenzake akiwa karibu. Wino usitiwe katika maji ya kunywa.

Pili, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Kama tungefunga koki na kulifunika tangi siku moja, tusingejua ni lipi lililoleta mabadiliko. Wanafunzi hutaka kufanya yote kwa pamoja. Kazi ya mwalimu ni kuwapunguza mwendo.

Tatu, waache watabiri kabla ya kupima, na wayaandike matabiri yao. Mtoto aliyeandika kwamba namba itapanda, kisha akaiona imeshuka, hatalisahau somo hilo. Wala asichekwe. Tabiri lililokataliwa na kipimo limefanya kazi yake sawa na lile lililokubaliwa.

Nne, unganisha masomo. Katika wiki tatu darasa langu lilijifunza eneo, ujazo, wastani, grafu, mvukizo na msukumo wa maji, na kuandika taarifa kwa Kiswahili fasaha. Sikulazimika kutenga vipindi vipya. Andalio la somo lilibadilika mifano tu, na mifano hiyo ilikuwa nje ya dirisha.

Tano, na hili naliona kuwa kubwa kuliko yote, usiwaahidi wanafunzi kwamba uchunguzi utaleta jibu wanalolitamani. Laiti namba za usiku zingekuwa kubwa kuliko za mchana, tungelazimika kuzisoma hivyo hivyo mbele ya kamati, ingawa mzee yule alikuwa akiwasalimu watoto wetu kila alfajiri. Niliwaambia hilo tangu siku ya kwanza. Kipimo kinachoweza kumsafisha mtu ni kile tu ambacho kingeweza kumtia hatiani.

Wanachuo wengi hutuuliza sisi wakufunzi wafanye nini wakipangiwa shule isiyo na maabara. Jibu langu ni kwamba watembee kuizunguka shule hiyo kabla ya kufungua kitabu, wakitafuta kitu ambacho watu wa hapo wanakibishania na hakuna aliyekipima. Huenda ikawa tangi, ghala la mahindi yanayopungua, au njia ya maji inayokula uwanja wa michezo. Wakishakipata, waandike dhana zote ubaoni kwa herufi za ukubwa mmoja, na wamkabidhi mtoto rula.